Mwanga hubadilisha nini katika tRNA ya jani? Uchambuzi kutoka Masisi na Walikale

Haragwe likiota chini ya rundo la mabua ya mahindi katika shamba la Masisi, hutokeza na sura isiyo ya kawaida: shina refu jembamba lisilo na nguvu, kichwa kilichoinama, na majani madogo ya manjano yaliyojikunja. Mkulima akiyaondoa mabua hayo asubuhi, jioni ya siku hiyohiyo kichwa kimeanza kunyooka na manjano yameanza kuingia ukijani. Hakuna mbolea iliyotiwa wala maji yaliyoongezwa. Kilichobadilika ni mwanga.

Kwamba mwanga huleta ukijani, kila anayelima analijua. Swali la uchambuzi huu ni dogo zaidi na liko ndani zaidi. Mwanga unapoligusa jani, je, mabadiliko yanafika hadi kwenye molekuli ndogo ziitwazo tRNA, zile zinazosoma maagizo ya kutengeneza protini? Na yakifika, ni mabadiliko ya aina gani? Wataalamu wamelifuatilia jambo hili kwa zaidi ya nusu karne, na majibu yao mara nyingi hutajwa kwa haraka kuliko yanavyostahili. Tuyafuate polepole.

Karibu kila kazi ya seli hufanywa na protini. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na asidi amino zinazotumika kwa kawaida ni 20. Mpangilio wake umeandikwa katika DNA. Seli hutoa kwanza nakala ya jeni katika umbo la RNA, nayo huitwa RNA ya ujumbe. Nakala hiyo huingia katika ribosomu, ambayo huunga asidi amino moja baada ya nyingine. Ribosomu husoma ujumbe kwa mafungu ya herufi tatutatu, na kila fungu huitwa kodoni. Kwa kuwa herufi za RNA ni nne, kodoni zinazowezekana ni 64. Tatu kati yake humaanisha mwisho wa ujumbe; 61 zilizobaki hutaja asidi amino.

Ribosomu yenyewe haitambui kodoni ipi ni ya asidi amino ipi. Kazi hiyo ni ya RNA ya uhamisho, yaani tRNA. Hii ni molekuli fupi ya nyukleotidi kama 76 hivi, iliyojikunja ikawa na ncha mbili zenye kazi. Ncha moja hubeba asidi amino. Ncha ya pili ina herufi tatu ziitwazo antikodoni, ambazo hushikana na kodoni iliyo kwenye ujumbe. Mfuatano kamili wa tRNA ya kwanza, ile ya alanini kutoka kwenye hamira, ulitangazwa na Robert Holley na wenzake nchini Marekani mwaka 1965. Miaka mitatu baadaye Holley alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Har Gobind Khorana na Marshall Nirenberg. Katika mfuatano huo wa kwanza zilionekana herufi ambazo si miongoni mwa zile nne za kawaida.

Herufi hizo za ziada haziandikwi katika DNA. tRNA hutengenezwa kwanza kwa herufi nne za kawaida, kisha vimeng'enya maalumu huziendea baadhi ya herufi na kuongeza kikundi kidogo cha atomi, au kukiondoa, au kuigeuza herufi yenyewe. Huko ndiko kurekebishwa kwa tRNA. Aina za marekebisho zinazojulikana katika RNA za viumbe wote zimepita 100, na nyingi zaidi zimepatikana katika tRNA.

Si kila nafasi ina uzito sawa. Marekebisho yaliyo mbali na antikodoni kwa kawaida husaidia molekuli isimame imara katika umbo lake. Yale yaliyo kwenye nafasi ya 34, ambayo ni herufi ya kwanza ya antikodoni, na ya 37, iliyo jirani mara tu baada ya antikodoni, hugusa usomaji wenyewe. Mfano wa nafasi ya 34 ni adenosini kugeuzwa kuwa inosini. Adenosini ya kawaida hushikana vizuri na herufi moja tu. Inosini hukubali tatu. Kwa hiyo tRNA moja iliyorekebishwa inaweza kusoma kodoni ambazo bila hivyo zingehitaji tRNA zaidi ya moja. Mfano wa nafasi ya 37 ni adenosini kuongezewa mkia wa kaboni tano, unaozuia kodoni na antikodoni zisiachane kabla ya wakati.

Sasa tuingie kwenye mmea, maana hapa kuna jambo ambalo mnyama hana. Seli ya jani hutengeneza protini katika sehemu tatu: katika saitoplazimu kwa maagizo ya jeni za kiini, ndani ya mitokondria, na ndani ya kloroplasti, zile chembe za kijani zinazofanya usanisinuru. Kiini cha mmea mdogo unaotumiwa sana maabara, Arabidopsis thaliana, kina jeni za tRNA zaidi ya 600. Kloroplasti, yenye DNA yake yenyewe, ina tRNA zipatazo 30 tu, na kwa hizo inasoma kodoni zote 61. Uchache huo ndio unaoyafanya marekebisho ya nafasi ya 34 yawe na uzito mkubwa kwake. Jambo la pili: vimeng'enya vinavyozirekebisha tRNA za kloroplasti vimeandikwa katika kiini, hutengenezwa nje ya kloroplasti na kuingizwa ndani. Njia ya mwanga kufika kwenye tRNA hizo inaweza basi kupitia kiini kwanza, kisha kurudi.

Kiini hupataje habari za mwanga? Kupitia protini zinazoupokea. Iliyochunguzwa kwa muda mrefu zaidi ni fitokromu, ambayo Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao wa Beltsville, Marekani, walianza kuifuatilia katika miaka ya 1950. Fitokromu ina maumbo mawili. Mwanga mwekundu huipeleka kwenye umbo tendaji. Mwanga mwekundu wa mbali, ulio ukingoni mwa kile jicho linachoweza kuona, huirudisha. Umbo tendaji huingia katika kiini na kubadilisha jeni nyingi zinazosomwa. Majani ya kijani hufyonza mwekundu na kuuacha mwekundu wa mbali upite. Katika jua wazi uwiano wa mwekundu kwa mwekundu wa mbali huwa juu kidogo ya 1. Chini ya majani mengi hushuka chini ya 0.5. Mmea ulio kivulini haupungukiwi mwanga tu, unapata mwanga wa rangi nyingine, na unaitambua tofauti hiyo.

Masisi na Walikale ni mahali pazuri pa kuifikiria tofauti hii. Territwari hizi mbili za Kivu Kaskazini zinapakana, na miji yao mikuu iko karibu nyuzi 1.4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana ni uleule, saa 12 na dakika chache, mwaka mzima. Tofauti iko kwingine. Masisi ni milima iliyofyekwa, malisho ya ng'ombe na mashamba ya maharagwe, mahindi na viazi, mengi yakiwa juu ya mita 1,600, na jua hufika chini bila kizuizi isipokuwa ukungu. Ukishuka kuelekea magharibi kupitia Nyabiondo, unaingia msitu wa Walikale, ambako mwinuko uko chini ya mita 1,000. Katika msitu mzito wa aina hiyo, mwanga unaofika sakafuni ni kama asilimia 1 hadi 2 ya ule ulio juu ya vilele. Majani mapana ya kufungia chikwange hukua humohumo kivulini. Muhogo hauwezi, ndiyo maana mtu wa Walikale anayetaka sombe na unga hukata miti kwanza na kuufungulia mwanga shamba.

Je, kuna ushahidi kwamba mwanga hugusa tRNA? Upo, na umeanza zamani. Mwaka 1969 W. Edgar Barnett na wenzake walionyesha kwamba Euglena, kiumbe cha seli moja kinachoweza kuishi gizani bila ukijani, hupata tRNA mpya kinapowekewa mwanga. Mwaka 1970 Guy Burkard, Pierre Guillemaut na Jacques-Henry Weil wa Strasbourg, Ufaransa, walilinganisha tRNA za saitoplazimu na za kloroplasti katika majani ya maharagwe. Maharagwe hayo ni Phaseolus vulgaris, spishi ileile inayolimwa Masisi na kuuzwa katika masoko ya Goma. Walikuta kwamba kloroplasti ina tRNA zake, na vimeng'enya vyake vya kuzipakia asidi amino, tofauti na vya saitoplazimu. Haragwe liko katika historia ya somo hili tangu mwanzo, jambo ambalo wasomaji wetu wa Kivu wana haki ya kulijua.

Hapa ndipo uangalifu unapohitajika zaidi, kwa sababu kauli kwamba mwanga hubadilisha marekebisho ya tRNA inaweza kubeba maana tatu. Mtu akisimama katika mji wa Sake akahesabu chukudu, vile vigari vya mbao vya kubebea mizigo, zenye gurudumu lililovishwa mpira, akakuta leo ni nyingi kuliko jana, huenda chukudu za kila aina zimeongezeka barabarani. Huenda pia zimeshuka chukudu za kijiji kingine ambako zote huvishwa mpira tangu zinapochongwa. Au huenda chukudu zilezile za jana zimevishwa mpira usiku. Hesabu ya barabarani ni moja, na visa ni vitatu. Ni kisa cha tatu peke yake kinachostahili kuitwa mabadiliko ya marekebisho.

Tuurudie mche wa haragwe. Gizani seli zake hazina kloroplasti kamili, bali chembe changa ambazo hazijakomaa. Mwanga ukifika, chembe hizo hukomaa, na DNA yake husomwa kwa wingi, tRNA zikiwemo. Sasa kuna rekebisho la nafasi ya 37, ule mkia wa kaboni tano ulioongezewa salfa na kikundi cha methili, ambalo ni la kawaida kwa bakteria na kwa kloroplasti. Mtafiti akisaga jani zima la kijani na jani zima la manjano, kisha akapima kiasi cha rekebisho hilo, atalikuta zaidi katika la kijani. Hilo ni kweli, na bado halimwambii kama kuna hata tRNA moja iliyobadilishwa. Inatosha kwamba zile tRNA za kloroplasti ambazo daima huwa na rekebisho hilo zimeongezeka ukilinganisha na za saitoplazimu. Ni kisa cha pili, na kwa mtazamo wangu ndicho mtego mkubwa kuliko yote katika somo hili.

Kuna tRNA moja ambayo uhusiano wake na mwanga ni wa ajabu kuliko zote, nayo inafaa tukae nayo kidogo. Mwaka 1986 Astrid Schön, Gamini Kannangara, Dieter Söll na wenzao walichapisha utafiti wa shayiri. Walikuwa wakitafuta RNA ambayo bila hiyo klorofili haitengenezwi, na walipoitambua ikawa ni tRNA ya glutamati ya kloroplasti. Molekuli hiyo ina kazi mbili. Ya kwanza ni ile ya tRNA yoyote, kupeleka glutamati kwenye ribosomu. Ya pili ni kuikabidhi glutamati hiyohiyo kwa kimeng'enya kinachoanza safari ya kutengeneza klorofili. Zao la hatua hizo za mwanzo ni asidi fupi iitwayo ALA, na kila molekuli ya klorofili huhitaji ALA nane. Kila molekuli moja ya ukijani unaoonekana katika jani la Masisi imepitia mgongoni mwa tRNA mara nane.

Antikodoni ya tRNA hiyo imerekebishwa sana: herufi yake ya kwanza ni yuridini iliyopewa salfa na kikundi kingine cha ziada. Ni rahisi kudhani kwamba rekebisho hilo ndilo swichi ya mwanga. Hatua mbili za ushahidi zinatuzuia tusikimbilie huko. Mwaka 1994 ilionyeshwa katika Euglena kwamba badiliko la herufi moja kwenye nafasi ya 56, mbali na antikodoni, huiacha tRNA ya glutamati ikiendelea kutengeneza protini huku ikishindwa kutengeneza klorofili. Kwa hiyo kimeng'enya cha klorofili huitambua molekuli kwa sehemu tofauti na ile ribosomu inayoisoma. Tena, katika mmea unaotoa maua, kinachoisimamisha njia hii gizani ni kimeng'enya chenyewe kuzuiwa na protini iitwayo FLU, kwa kuwa hatua moja ya mbele haiwezi kupitika bila mwanga na malighafi yake imejazana. tRNA ipo tayari. Mlango wa mbele yake ndio uliofungwa. Mwanga unatawala matumizi ya tRNA pasipo kuigusa tRNA yenyewe.

Upande wa pili wa ushahidi ni mimea ambayo jeni za vimeng'enya vya kurekebisha zimeharibiwa makusudi. Mwaka 2009 makundi mawili ya watafiti yalikionyesha kimeng'enya kinachogeuza adenosini kuwa inosini katika tRNA ya arginini ya kloroplasti ya Arabidopsis. Kikikosekana, utengenezaji wa protini ndani ya kloroplasti hudhoofika na mmea hudumaa. Mwaka 2006 watafiti wa Japani waliondoa vimeng'enya viwili vinavyoweka mkia wa nafasi ya 37, na majani yakafifia ukijani. Hapa pana tahadhari: mkia huohuo tRNA inapovunjwa huwa chanzo cha baadhi ya sitokinini, homoni za ukuaji wa mmea, kwa hiyo mtu hawezi kusema upesi kama jani limefifia kwa usomaji mbaya au kwa upungufu wa homoni. Tahadhari ya aina hiyo iko pia kwa kundi la protini liitwalo Elongeta. Hushiriki kurekebisha yuridini ya nafasi ya 34, na mwaka 2018 watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walionyesha kwamba miche inayolikosa hairefuki kama mingine gizani na mwangani. Lakini Elongeta hushiriki pia katika usomaji wa jeni ndani ya kiini. Hitilafu moja, njia mbili.

Majaribio hayo yanathibitisha kwamba jani linalokosa marekebisho halistawi. Hayathibitishi kwamba mwanga hupandisha na kushusha marekebisho. Njia ambayo mwanga ungeweza kufanya hivyo ipo, na ina mantiki ya kikemia. Vikundi vya methili hutoka kwenye molekuli ambayo seli huitengeneza kwa methionini na nishati ya ATP. Salfa ya yuridini hutoka kwenye sisteini, na mmea hupata sisteini kwa kuibadilisha salfeti ya udongoni ndani ya kloroplasti, kwa elektroni ambazo mchana hutokana na usanisinuru. Jani lenye kivuli kirefu lina nishati na elektroni chache. Ikiwa upungufu huo unafika kwenye kimeng'enya cha tRNA, basi marekebisho ya salfa ndiyo ya kwanza kutarajiwa kutikisika. Hiyo ni hoja ya kutafutia, si matokeo.

Mtu akitaka kuipima Kivu, kishawishi cha kwanza ni kuchukua jani moja Masisi na jingine Walikale na kuyalinganisha. Asifanye hivyo. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, na mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10. Marekebisho ya tRNA hubadilika pia kwa joto na kwa msukosuko wa kila aina, kwa hiyo tofauti itakayoonekana haitakuwa na mwenyewe. Ulinganisho wa kweli uko ndani ya shamba moja. Huko Masisi ni jani la mche wa haragwe ulio mahali pa wazi na jani la umri uleule la mche uliofunikwa na mahindi ya jirani. Huko Walikale ni mche wa muhogo katikati ya uwazi na mche wa mbegu ileile ukingoni mwa msitu, katika udongo uleule.

Yachumwe saa ileile. Haragwe lina saa yake ya ndani, na yeyote aliyepita shambani usiku ameona majani yake yameinama. Kulinganisha jani la asubuhi na la alasiri ni kuchanganya saa na mwanga. RNA huharibika upesi, na njia ya maabara ni kuligandisha jani papo hapo katika naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kitu ambacho hakisafirishwi kirahisi katika barabara ya Sake hadi Walikale. Mbadala ni kulikata jani vipande vidogo sana na kulizamisha katika maji mazito ya amoniamu salfeti, yanayoizuia RNA isiharibike kwa siku kadhaa bila barafu. Nta ya jani huyazuia yasipenye, ndiyo maana ya kulikata. Kisha tRNA zisomwe moja moja kwa vifaa vidogo vya kusomea RNA moja kwa moja, ambavyo vimeanza kutumika kwa tRNA katika miaka hii ya karibuni na vinaenea mkononi.

Kuna sababu ya kuchagua jaribio fupi. Masisi mjini ilitwaliwa na waasi wa M23 Januari 2025, na Walikale mjini ikafikiwa na vita Machi mwaka huohuo. Familia nyingi za wakulima zimehama zaidi ya mara moja. Utafiti unaomhitaji mkulima akae shambani misimu mitatu hauwatendei haki watu hawa. Mche wa haragwe hutoa majani yake ya kwanza ndani ya wiki mbili, na hizo zinatosha.

Hukumu yangu basi ni hii. Kauli kwamba mwanga hubadilisha kundi la tRNA katika jani inasimama imara, kwa ushahidi uliojengwa tangu 1969. Kauli kwamba marekebisho kadhaa ni ya lazima ili jani liwe kijani inasimama pia. Kauli ya tatu, kwamba mwanga na kivuli huongeza au hupunguza rekebisho fulani kwenye tRNA ileile, ikubaliwe kwa kila nafasi peke yake, na pale tu mpimaji alipoonyesha sehemu ya molekuli zilizorekebishwa kati ya molekuli zote za aina hiyo, badala ya jumla ya rekebisho katika jani lililosagwa. Kama ningeombwa kuchagua nafasi ya kuanzia, ningechagua salfa ya nafasi ya 34 katika tRNA ya glutamati ya kloroplasti: salfa yake inadai elektroni za mwanga, na molekuli yenyewe imesimama kwenye lango la klorofili. Mmea wa kuanzia ungekuwa haragwe la Masisi lililo chini ya mahindi.